Vijineno vya Kiingereza: Funguo Tunazo Nyumbani

Kila lugha ina mlango wake mgumu. Mgeni anayejifunza Kiswahili husumbuliwa na ngeli. Husimama mbele ya kiti, mti na jiwe asijue aseme kizuri, mzuri au zuri. Anayejifunza Kiarabu huhangaishwa na wingi wa majina usiofuata njia moja. Na sisi tunaojifunza Kiingereza, mlango unaotushinda wengi si yale maneno marefu ya vitabuni, bali ni vijineno vya herufi chache: "up", "out", "off", "in", "for", "after".

Kijineno kimoja kimoja, kikiwa peke yake, ni chepesi. Mtoto wa darasa la pili anakijua. Taabu huanza kinapoandamana na kitenzi. "Look" ni kutazama, na hapana asiyejua. Lakini "look for" ni kutafuta, "look after" ni kutunza, "look into" ni kuchunguza, na "look down on" ni kudharau. "Put" ni kuweka. Kumbe "put on" ni kuvaa, "put off" ni kuahirisha, "put out" ni kuzima, na "put up with" ni kuvumilia. "Give" ni kutoa, lakini "give in" ni kusalimu amri, na "give up" ni kukata tamaa. Mtu aweza kuwa amehifadhi nusu ya kamusi na bado akasikia mazungumzo ya Waingereza wawili asiambulie kitu, kwa sababu maneno yote anayajua na maana hata moja haijui.

Na juu ya ugumu huo wa maana pana ugumu wa pili, nao ndio nitakaoueleza leo: ugumu wa mpangilio. Vitenzi hivi vya maneno mawili ni vya namna mbili kubwa. Viko vinavyotengana, yaani waweza kuingiza neno jingine kati ya kitenzi na kijineno chake. Na viko visivyotengana, ambavyo ukijaribu kuvipasua umeharibu lugha. Walimu wengi huwapa watoto orodha mbili ndefu wazikariri. Maoni yangu ni kwamba mtoto wa Kiswahili, na hasa mtoto wa pwani aliyekaa chuoni, hana haja ya kuanza na orodha. Funguo mbili za mlango huu anazo nyumbani kwao, ila hajaambiwa kwamba ni funguo.

SKULI YA JUU YA MLIMA

Msomaji wa Mombasa ambaye mumewe au nduguye ni dereva wa malori ya safari ndefu hahitaji kuelezwa Sachangwan ni wapi. Mizigo inayotoka Kilindini kwenda Uganda, Rwanda na Kongo hupita Nakuru, ikafika Salgaa ambako madereva hulala, kisha ikaupanda mlima mrefu hadi Sachangwan, ikielekea Mau Summit. Wakati wa kurudi hali ni kinyume: lori hushuka mteremko ule kuelekea Salgaa, na mteremko huo umekwisha kula roho za watu wengi.

Nilisomesha Kiingereza kwa miaka kadhaa katika skuli moja ya sekondari upande huo. Ni nchi ya viazi, ya pareto na ya ukungu wa asubuhi. Mtu wa pwani akifika huko hutafuta sweta kabla ya kutafuta nyumba. Wanafunzi wangu wengi walikuwa Wakalenjin na Wakikuyu. Nyumbani kila mmoja alisema lugha ya mamake, na uwanjani wote walisema Kiswahili.

Siku ya Jumamosi, tarehe 31 Januari 2009, lori la petroli lilipinduka katika barabara ile. Watu wakatoka na ndoo na mitungi, wakaja kuteka petroli iliyokuwa ikimwagika. Kisha moto ukalipuka. Walikufa watu zaidi ya mia moja, na wengine wengi wakaungua vibaya. Miili mingi haikuweza kutambulikana, ikazikwa katika kaburi la pamoja. Yamesemwa mengi juu ya umaskini na juu ya tamaa, nami si kadhi wa mambo hayo. Sisi tuliokaa na jamaa za waliokufa tulisema yale tusemayo Waislamu katika msiba, na wao wakasema yao.

Baada ya majuma machache wanafunzi wa kidato cha tatu walitaka, kwa hiari yao wenyewe, kuandika insha juu ya moto ule. Baadhi yao walikuwa wamefiwa. Niliwaacha waandike kwa Kiingereza, maana hilo ndilo lililokuwa somo letu, nao walikuwa wakijiandaa kwa mtihani wa KCSE, ambao katika karatasi yake ya pili ya Kiingereza huwa na maswali ya sarufi, na vitenzi vya namna hii huulizwa humo mara kwa mara.

Nilipokusanya madaftari niliona jambo moja likirudi katika insha nyingi. Waliandika kwamba watu walitaka kuuzima moto wasiweze, na katika kusema "kuuzima" waliandika "put out it". Nikawaeleza kwamba "it" huingia katikati, "put it out". Wakafahamu upesi. Siku ya pili msichana mmoja aliyekuwa akieleza jinsi nyumba yao ilivyozunguka hospitali kumtafuta mjomba wake, akaandika "we looked him for". Amefuata kanuni niliyompa, akaipeleka mahali pasipokuwa pake. Hapo ndipo nilipoona kwamba sentensi hizi mbili, ya kuuzima moto na ya kumtafuta mtu, zinabeba somo zima.

KINACHOTENGANA NA KISICHOTENGANA

Tuanze na "put out the fire". Jina "the fire" laweza kukaa mwisho: "They put out the fire." Laweza pia kuingia katikati: "They put the fire out." Zote mbili ni sawa. Lakini ukiliondoa jina ukatia kiwakilishi "it", hapo huna hiari tena. Ni lazima useme "They put it out". Hiki ndicho kitenzi kinachotengana.

Ndivyo kilivyo "take off" katika kibao ambacho mgeni hukikuta kwenye mlango wa msikiti, kwamba avue viatu. Aweza kuambiwa "Take off your shoes" au "Take your shoes off". Viatu vikitajwa kwa kiwakilishi, ni "Take them off" tu. Na ndivyo kilivyo "fill in", kujaza fomu: "Fill in the form", "Fill the form in", lakini "Fill it in".

Sasa tazama "look for". Twasema "We looked for the boy", na tukiweka kiwakilishi twasema "We looked for him". Hapana njia nyingine. Vivyo hivyo "Look after your mother" na "Look after her", mtunze mama yako. Hivi ndivyo visivyotengana.

Sababu ni nini? Katika "put out", hicho "out" ni kielezi. Chaeleza tu jambo limefikia wapi: moto ulikuwako, sasa umetoka. Kielezi hakimshiki mtu mkono, kwa hiyo chaweza kusogea. Lakini katika "look for", hicho "for" ni kihusishi, na kazi ya kihusishi ni kulishika jina linalokifuata. Kitenzi kimekishika kijineno, na kijineno kimelishika jina, kama watoto watatu waliofuatana kuvuka barabara. Ukimtoa wa mwisho ukamtia katikati, mnyororo umekatika.

Usidhani basi kwamba kijineno kimoja kina tabia moja siku zote. Askari wa barabarani akimwambia dereva "Turn off the engine", amemwambia azime injini, naye aweza pia kumwambia "Turn it off". Lakini akimwambia "Turn off the road", amemwambia aiache barabara apinde pembeni. Maneno ni yale yale mawili, "turn off". La kwanza latengana na la pili halitengani, kwa kuwa injini huzimwa na barabara haizimwi. Dereva aliyeko kwenye mteremko mkali, na lori lake limebeba tani za saruji, anahitaji kuijua tofauti hiyo papo hapo.

Sikio nalo husaidia. Katika vinavyotengana, sauti ya msemaji hukaza kijineno: "put it OUT". Katika visivyotengana, aghalabu hukaza kitenzi, na kijineno kikapita upesi: "LOOK for him".

Liko pia kundi la tatu lisilo na mtendwa, kwa hiyo suala la kutengana halipo. "Break out" ni kuzuka, kama moto au vita. "Break down" ni kuharibika njiani. "Pass away" ni kufariki. Na vile vya maneno matatu, kama "run out of", kuishiwa na kitu, na "put up with", kuvumilia, aghalabu huenda vimeshikamana kama pingili za muwa.

UFUNGUO WA KWANZA: KISWAHILI CHATIA KATIKATI

Sasa turudi kwa yule mwanafunzi aliyeandika "put out it". Kwa Kiswahili angesemaje? Angesema "waliuzima". Uchambue ujionee: wa-li-u-zima. Moto umetajwa kwa kiwakilishi "u", na "u" huyo ameingia katikati ya kitenzi, hakungoja mwisho. Sisi twafanya hivyo kutwa kucha bila kujua kwamba tunafanya. Vaa kanzu, ukaivaa. Vua viatu, ukavivua. Jaza fomu, ukaijaza. Jina hukaa nyuma ya kitenzi, kiwakilishi huingia ndani yake. Kiingereza katika vitenzi vinavyotengana chafanya jambo hilo hilo: jina laweza kukaa nyuma, kiwakilishi lazima kiingie ndani. "Waliuzima", "put it out".

Kikuyu, ambacho ni ndugu wa Kiswahili, nacho hutia katikati. Kikalenjin si wa ukoo huo. "Mimi" na "wewe" wakiwa watendwa, hukaa mwishoni mwa kitenzi. Kwa hiyo darasani mwangu Kiswahili ndicho kilichokuwa uwanja wa wote, na nilipowaonyesha ule "u" wa "waliuzima", "put out it" ilitoweka katika madaftari.

Lakini ufunguo huu una hatari yake. Kiswahili chatia katikati kila mahali. Twasema "waliuzima", na pia twasema "tulimtafuta", tu-li-m-tafuta, na "m" yuko pale pale katikati. Kwa Kiswahili kuzima moto na kumtafuta mtu ni ujenzi mmoja. Kwa Kiingereza ni ujenzi mbalimbali. Yule msichana wa "looked him for" alikuwa akisema Kiswahili safi kwa maneno ya Kiingereza.

MKIA WA KITENZI

Kabla sijautoa ufunguo wa pili, nataka kuwatoa watu hofu juu ya maana. Wengi husema: ni lugha gani hii ambayo kijineno kidogo chageuza maana yote? Nami huwajibu: ni kama yetu. Waingereza huweka kijineno nyuma ya kitenzi. Sisi hukifunga mkia kitenzi chenyewe. Mtu akitoka katika nyumba twasema amehama, akiingia katika nyumba mpya twasema amehamia. Mwingereza husema "move out" na "move in". Funga ikapata mkia ikawa fungua, na mlango uliofungwa umekuwa wazi. Zima, ukaongeza mkia, ikawa zimia, na hapo si taa tena bali ni mtu aliyepoteza fahamu.

Neno hili la mwisho nilikutana nalo katika zile insha. Mvulana mmoja aliandika kwamba kaka yake alikuwa miongoni mwa waliokuwa barabarani, na kwamba kaka huyo "passed out". Nikamwita nje, nikamwuliza kwa Kiswahili: "Kaka yako alizimia, au alifariki?"

Akasema, "Alifariki, mwalimu. Nilitaka kuandika alifariki."

Nikamwambia basi ni "passed away". Akarudi kwenye deski lake, akafuta "out", akaandika "away".

Mtu asiyekuwa na habari ya msiba ule angaliisoma insha ile akadhani kaka alizimia, akamwagiwa maji, akaamka. Kati ya kuzimia na kufa palikuwa na kijineno kimoja. Ndiyo maana sipendi kusikia watu wakisema kwamba mambo haya ni madogo, ni ya walimu na mitihani tu.

Na tukumbuke lugha yetu inavyosimulia siku ile. Watu waliikimbilia petroli, kisha wakaukimbia moto. Kimbilia na kimbia. Silabi moja ya "li" ndiyo inayotenga mtu anayekwenda kwenye jambo na mtu anayeondoka kwenye jambo. Mwingereza angesema "ran to" na "ran from". Nilipoziandika jozi hizo mbili ubaoni, darasa lilinyamaza, na sikuhitaji kueleza zaidi kazi ya kijineno ni nini.

UFUNGUO WA PILI: HARFU ZA CHUONI

Sasa nawageukia wasomaji waliokaa mkekani mbele ya maalim wakasoma nahau. Mwakumbuka zile harfu za jarri: "fi", "an", "ila", "bi", "ala". Mlifundishwa kwamba kitenzi cha Kiarabu kikibadilishiwa harfu, hubadilika maana.

Mfano ulio mashuhuri ni "raghiba". Kutokana nalo tumepata neno letu raghba. Ukisema "raghiba fi", mtu amekitaka kitu, ana raghba nacho. Ukisema "raghiba an", mtu amekipa kitu kisogo, hakitaki. Kitenzi ni kimoja, maana mbili zimepingana kama mashariki na magharibi, na kinachozitenga ni harfu. Wanavyuoni walilijua jambo hili vyema. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 127, kitenzi hicho kimekuja bila harfu yake kutajwa, na wafasiri wakaeleza kwamba aya yachukua maana zote mbili: mayatima wa kike ambao mtu ataka kuwaoa, na wale ambao hataki. Kadhalika "dhahaba" ni kwenda, na "dhahaba bi" ni kwenda na kitu, kukiondoa. Ndivyo kilivyotumika katika Suratul-Baqara, aya ya 17, katika mfano wa mtu aliyewasha moto. Na "nadhara ila" ni kutazama, hali "nadhara fi" ni kuchunguza jambo. Je, hizi si "look at" na "look into"?

Lakini lenye faida zaidi kwetu ni mahali pa kiwakilishi. Kwa Kiarabu, kitenzi chenye harfu ya jarri hakiruhusu kiwakilishi cha mtendwa kujipenyeza kati yake na harfu. Kiwakilishi hushikamana na harfu yenyewe: "fihi", "anhu", "ilayhi", "bihi". Kutafuta kwa Kiarabu ni "bahatha an", na kumtafuta mtu ni "bahatha anhu". Tazama: kitenzi, kisha harfu, kisha kiwakilishi. Na Kiingereza ni "looked for him": kitenzi, kisha kijineno, kisha kiwakilishi. Mpangilio ni ule ule, hatua kwa hatua.

Basi hizi ndizo funguo mbili. Kitenzi kinachotengana kimekwenda mwendo wa Kiswahili: "waliuzima", "put it out". Kitenzi kisichotengana kimekwenda mwendo wa Kiarabu: "bahatha anhu", "looked for him". Niliporudi pwani nikawa nasomesha vijana waliopitia chuoni, sikuanza tena na orodha. Niliwauliza tu: kijineno hiki ni kama mkia wa Kiswahili au ni kama harfu ya maalim? Walibishana wao kwa wao, na katika kubishana wakajifunza.

WAINGEREZA WENYEWE

Tusidhani kwamba jambo hili ni rahisi kwa wenyewe. Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake kubwa mwaka 1755, alitaja katika dibaji kwamba vitenzi vya namna hii ni miongoni mwa mambo yanayowatatiza wageni zaidi. Jina la Kiingereza wanaloitwa leo, "phrasal verbs", lilienea baada ya kutumiwa mwaka 1925 na mwandishi Logan Pearsall Smith, naye alieleza kwamba alipewa na Henry Bradley, mmoja wa wahariri wa kamusi kuu ya Oxford. Mwaka 1930 bwana mmoja, C. K. Ogden, alitoa Kiingereza chake chepesi cha maneno 850, chenye vitenzi 18 tu. Ikawa kama mtu aliyepunguza abiria motokaani akaongeza mizigo: vitenzi vikawa vichache, lakini "put", "take", "get" na "give" vikalazimika kubeba vijineno vya kila namna. Na mwaka 1975 Cowie na Mackin walitoa kamusi nzima ya vitenzi hivi peke yake.

Sisi wa Afrika Mashariki tumezoea njia ya kuvikwepa. Badala ya "put out" twasema "extinguish". Badala ya "look into" twasema "investigate". Badala ya "put up with" twasema "tolerate". Ni maneno yenye asili ya Kilatini, na katika barua ya ofisini yanapendeza. Kila dereva anaujua mtungi wa kuzimia moto kwa jina lake hilo refu la "extinguisher". Lakini daktari wa wadi, nahodha wa meli na polisi wa barabarani hawasemi Kilatini wakiwa na haraka. Husema "hold on", "lie down", "pull over", "get out", na atakayechelewa kufahamu atachelewa kutenda.

Pia tumejizoesha mazoea yetu. Hapa Kenya mtu husema "pick me at the stage", akadondosha "up", hali Mwingereza angesema "pick me up". Mwingine huongeza pasipo na haja, akasema "cope up with", na mwenyewe Mwingereza husema "cope with". Tukiwa sisi kwa sisi twaelewana, wala si kosa la jinai. Lakini kijana anayefanya mtihani, au anayeomba kazi katika meli au hoteli, ni bora ajue kwamba wengine hawasemi hivyo.

NAMNA YA KUJIFUNZA

Nawashauri wazazi na walimu mambo matatu.

Kwanza, mtoto asiandike kitenzi kitupu katika daftari lake. Asiandike "put out: kuzima". Aandike pamoja na kiwakilishi: "put it out", uzime, "take them off", vivue, "look for him", mtafute, "look after her", mtunze. Maneno matatu hayo yampa maana na mpangilio kwa wakati mmoja, na hatahitaji orodha ya vinavyotengana na visivyotengana, kwa kuwa kila kitenzi kimekwisha kumwonyesha tabia yake.

Pili, ajifunze kwa mafungu ya kazi na maisha, si kwa alfabeti. Aliye na baba dereva aanze na vitenzi vya gari na barabara. Mwenye mama muuguzi aanze na vya hospitali. Vitano kwa wiki vinatosha, mradi avitumie katika sentensi za mambo anayoyajua kwa kweli. Wanafunzi wangu wa Sachangwan hawakusahau tena "put it out" na "look for him", kwa kuwa maneno hayo hawakuyapata katika kitabu.

Tatu, na hili ndilo kubwa, tusiwaambie watoto waache Kiswahili na Kiarabu nje ya mlango wa darasa la Kiingereza, kama waachavyo viatu. Mtoto aliyejua kwa nini husemwa "waliuzima", na aliyeambiwa na maalim tofauti ya "raghiba fi" na "raghiba an", amekwisha kusafiri nusu ya njia. Mwalimu wa Kiingereza asiyelijua hilo humrudisha mwanzo bure, na maalim asiyelijua humnyima mwanafunzi wake faida ambayo yeye mwenyewe amempa.

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.